Taswira Moja, Maabara Nzima

Kompyuta isiyo na mfumo endeshi, yaani programu kuu inayotawala diski, kumbukumbu, kibodi na programu nyingine zote, haimfai mwenyewe kwa lolote, na kazi ya kuutia mfumo huo, ambayo mafundi wa vibanda na steshenari za katikati ya Jiji la Mwanza, kuanzia Mirongo hadi Makoroboi, huiita kwa wepesi kupiga Windows, ni katika mambo ya kwanza anayofundishwa kijana aingiapo katika ufundi huu. Kwa kompyuta moja kazi hiyo haina ugumu mkubwa: flashi huchomekwa, maswali machache hujibiwa, programu za ofisi huongezwa, na baada ya saa chache mteja hulipa na kuondoka. Ugumu huanza pale zinapokuwa kompyuta 30 za maabara ya chuo, kwani fundi atakayezizungukia na flashi mkononi atatumia siku kadhaa, na akimaliza zitakuwa zimefanana kwa mbali tu: hii itakosa kiendeshi cha printa, ile itakuwa na programu ya takwimu ya toleo la nyuma, nyingine itaonyesha saa za nchi nyingine, na mwalimu ndiye atakayeyagundua hayo yote mbele ya wanafunzi.

Ufundi unaosifiwa hapa ni ule wa kuandaa kompyuta moja kwa uangalifu, kuchukua taswira yake, na kuisambaza taswira hiyo kwa kompyuta nyingine zote kupitia kebo za mtandao. Taswira kwa maana hii ni faili kubwa, au mkusanyo wa mafaili, lenye nakala ya kila kilichoandikwa katika diski, pamoja na mpangilio wenyewe wa diski, hivi kwamba diski nyingine ikiandikwa kwa kulifuata hugeuka kuwa pacha wa ile ya kwanza. Programu iliyoieneza kazi hii ofisini ilikuwa Ghost, iliyobuniwa mwaka 1995 na Murray Haszard huko Auckland, New Zealand, na kununuliwa na kampuni ya Symantec mwaka 1998. Lakini kwa mafundi wa taasisi zisizo na fungu la leseni, faraja ya kweli ililetwa na programu huria, hasa Clonezilla iliyotokea Taiwan, na FOG iliyoanza mwaka 2007, ambazo hupatikana bila malipo na zinaweza kuendeshwa na seva ya kawaida, hata kompyuta ya mezani ya zamani yenye diski ya kutosha.

Jambo la kustaajabisha zaidi katika kazi hii ni namna kompyuta isiyo na chochote ndani yake inavyoweza kuomba msaada. Kadi ya mtandao hubeba programu ndogo iliyoandikwa katika chipu yake, au katika chipu ya ubao mkuu wa kompyuta, na mashine inapowashwa kwa kuelekezwa mtandaoni, programu hiyo hutuma ombi kwa vyombo vyote vilivyounganishwa, kwa kuwa bado haijui jina la yeyote. Seva inayogawa anwani huijibu kwa kuipa anwani ya muda, na pamoja nayo huitajia mahali pa kuchukua faili la kuanzia, ambalo huletwa kwa itifaki, yaani kanuni za mawasiliano, iitwayo TFTP, iliyosanifishwa mwaka 1981 na kufanywa nyepesi kwa makusudi ili itoshe katika chipu ndogo: hutuma kipande cha baiti 512, husubiri jibu kwamba kimefika, kisha hutuma kingine. Wazo la kuiwasha kompyuta kwa njia hii liliwekwa katika maandishi na Bill Croft na John Gilmore mwaka 1985, na Intel ikalisanifisha kwa jina la PXE mwishoni mwa miaka ya 1990, ndiyo maana hata kompyuta za mtumba zinazofika Mwanza kutoka Ulaya au Dubai karibu zote zinao uwezo huo, ingawa wengi wanaozimiliki hawajapata kuutumia hata mara moja. Baada ya faili hilo dogo huja Linux nyepesi inayokaa katika kumbukumbu tu bila kugusa diski, na ni hiyo Linux inayoipokea taswira yenyewe na kuiandika.

Hapo swali la muda huingia. Swichi ya megabiti 100 kwa sekunde, ambayo bado ni ya kawaida katika maabara nyingi, haiwezi kupitisha zaidi ya megabaiti 12.5 kila sekunde, kwa hiyo taswira ya gigabaiti 10 huhitaji kiasi cha dakika 13 kufika katika kompyuta moja, na seva ikiituma upya kwa kila mojawapo, kompyuta 30 zitahitaji takriban saa 6 na dakika 40, hata zikiwashwa kwa pamoja, kwa kuwa zinagawana kebo ile ile inayotoka katika seva. Dawa yake ni utumaji wa pamoja, ambao kanuni zake zilitolewa na Steve Deering mwaka 1989, na ambao hufanya kazi kama adhana: muadhini hapiti mlango hadi mlango, bali huita mara moja na mtaa mzima ukasikia. Seva hutuma taswira mara moja, swichi huinakili kuelekea kila kebo, na maabara nzima humaliza kwa muda usiozidi sana ule wa kompyuta moja. Hata hivyo mafundi wenye uzoefu huijua kasoro yake, kwamba seva hulazimika kumsubiri mpokeaji aliye nyuma kuliko wote, na hivyo kompyuta moja yenye kebo iliyotafunwa na panya au diski inayokaribia kufa huweza kuichelewesha maabara nzima. Aliyekomaa katika kazi hii hupima kebo kwanza, akaiweka kando mashine mbovu, ndipo akabonyeza kitufe.

Inafaa kusisitizwa kwamba mtandao unaozungumziwa hapa si intaneti. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ulioanza kujengwa mwaka 2009, umefika Mwanza na kubadilisha mengi, lakini taasisi nyingi ndogo za mwambao wa Ziwa Victoria bado huhesabu bando, na masasisho ya mfumo endeshi yenye gigabaiti kadhaa yakipakuliwa mara 30 ni hasara isiyo na maana. Masasisho hayo yakipakuliwa mara moja kwa ajili ya kompyuta mama, yaani ile moja inayochukuliwa taswira, kisha yakaingia katika taswira, yatakayopita katika swichi ya maabara hayalipiwi na mtu. Huenda hakuna mahali ambapo ufundi huu una thamani kubwa kuliko pale ambapo intaneti ni ghali na kebo za ndani ni bure, ingawa vitabu vinavyoufundisha huandikwa kana kwamba kila msomaji ana intaneti isiyokatika.

Lakini kusambaza ni sehemu rahisi. Kipimo cha fundi kimo katika maandalizi ya kompyuta mama, na maandalizi hayo kwa sehemu kubwa ni kazi ya kuondoa. Kila mfumo endeshi ukishasakinishwa hujitengenezea utambulisho: Windows huwa na namba yake, Linux huwa na namba ya mashine na funguo za siri za mawasiliano, na zote huwa na jina; vitu hivyo vikinakiliwa, seva za taasisi zitaona kompyuta 30 zinazodai kuwa kitu kimoja. Microsoft hutoa zana iitwayo Sysprep kwa ajili ya kuufuta utambulisho huo ili kila kompyuta ijitengenezee wake inapowashwa mara ya kwanza, na ingawa Mark Russinovich alionyesha mwaka 2009 kwamba hofu ya namba zinazofanana ilikuwa imekuzwa kupita kiasi, zana hiyo imebaki kuwa sharti. Yapo pia mambo ambayo hakuna zana inayoyajua: nywila iliyohifadhiwa katika kivinjari, mtihani uliosahauliwa juu ya meza ya skrini, kirusi kilichoingia na flashi ya mtu. Makosa hayo, ambayo katika kompyuta moja yangekuwa madogo, husambaa kwa kasi ile ile ya taswira. Kwa sababu hiyo fundi makini haifanyi kompyuta mama kutoka katika mashine iliyokwisha kutumiwa, bali huanza na diski tupu, na taswira yake huijaribu katika kompyuta mbili tatu kabla ya kuiamini.

Hata umeme unaokatika, ambao ndio adui wa kila kazi ya diski, hapa hupungukiwa nguvu, kwa sababu asili imehifadhiwa katika seva, na kompyuta iliyozimikia njiani huombwa tu ianze upya.

Suala la leseni haliwezi kufichwa. Nakala ya wizi ikiingia katika taswira huwa makosa 30 kwa wakati mmoja mbele ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, ilhali programu huria zimekuwapo kwa muda mrefu, na mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayozungumza Kiswahili, tangu mwaka 2004. Swali la kuchagua kati ya Windows na programu huria limerudi kwa nguvu baada ya Microsoft kukoma kuihudumia Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, kwani Windows 11 hudai chipu ya usalama ya toleo la 2.0 na prosesa ambazo kwa Intel huanzia kizazi cha nane, masharti ambayo mashine nyingi za mtumba haziwezi kuyatimiza. Fundi mwenye maabara ya mchanganyiko kama huo huandaa taswira mbili, moja ya Windows kwa kompyuta zinazoikubali na moja ya Linux kwa zilizobaki, kisha huisajili kila mashine katika seva kwa namba ya kadi yake ya mtandao, ili itakapowashwa na kuomba, ipewe ile inayoifaa.