Uwazi kwa Nani? Usiri katika Kumbukumbu za Lugha Zilizo Hatarini Kutoweka

Hoja ya ufikiaji huria ina mashiko: rekodi iliyofungiwa kabatini hufa pamoja na mtafiti wake, na wajukuu wa wazungumzaji hukosa urithi wao. Hata hivyo, hoja hiyo huuchukulia umma kuwa kitu kimoja, na hapo ndipo udhaifu wake unapojitokeza.

Mfano ni Kihadza, lugha ya watu takribani 1,000 wanaoishi kandokando ya Ziwa Eyasi, Tanzania. Miongoni mwa Wahadzabe, nyama ya epeme huliwa na wanaume waliofikia hadhi hiyo, mbali na macho ya wanawake na watoto. Tuchukulie kwamba mazungumzo ya faragha hiyo yamerekodiwa na kuwekwa mtandaoni. Msikilizaji aliyeko Berlin havunji mwiko wowote unaomhusu. Mpaka uliovunjwa umo ndani ya jamii yenyewe. Kumtaka mtumiaji ajisajili hakuulindi mpaka huo, kwani kijana wa Mang'ola mwenye simu naye anaweza kujisajili.

Msomaji wa Kiswahili anaijua hali hii kupitia unyago, ambao mafunzo yake kungwi humpa mwali, si kila mpita njia. Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, aliupandisha unyago jukwaani. Lakini yeye alikuwa mweledi wa utanzu huo, na uamuzi ulikuwa wake. Uwazi wa namna hiyo hauwezi kulinganishwa na uwazi unaotokana na sharti la mfadhili.

Sheria nayo haitoshelezi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 humlinda mtu binafsi, ilhali siri ya epeme ni ya kundi. Kwa hiyo, sahihi ya msimuliaji mmoja kwenye fomu ya ridhaa haiwezi kuifungua. Kanuni za CARE za mwaka 2019 zinalikaribia suluhisho kwa kuipa jamii mamlaka juu ya data zake, lakini swali la nani aseme kwa niaba ya jamii linabaki.

Makala haya yanapendekeza kwamba kiwango cha ufikiaji kiamuliwe kwa kuzingatia utanzu na hadhira asilia ya kila rekodi, kiandikwe katika taarifa elezi, na kipitiwe upya mara kwa mara pamoja na wahusika, wanawake kwa wanaume. Gharama yake ni dhahiri: baadhi ya data hazitaweza kuhakikiwa na wanaisimu wengine. Gharama hiyo inavumilika, kwa sababu kujua nani anaruhusiwa kusikia nini ni sehemu ya umilisi wa lugha tunayodai kuihifadhi.