Kufuga Maji

Anayefuga tumbawe la ngozi nyumbani hulitazama tumbawe, lakini kazi yake yote imo katika maji. Ndiyo maana nausifu ufundi huu: kiumbe hutunzwa kwa kutunzwa kile kinachokizunguka, na mwili wake huguswa mara chache sana.

Kiumbe chenyewe hakina makeke. Sarkofitoni, anayefahamika zaidi katika jamii hii, ni shina nene lenye kofia pana mfano wa uyoga, la rangi ya kahawia iliyopauka. Halijengi jiwe kama matumbawe magumu. Nyama yake hushikiliwa na vijiti vidogo vya chokaa. Juu ya kofia huchomoza polipu nyingi, kila moja na minyiri minane. Kati yake zimejificha polipu nyingine ndogo, ambazo kazi yake ni kuvuta maji na kuyapitisha mwilini mpaka kofia itune.

Maji hayo lazima yatulie katika hali moja: chumvi takriban gramu 35 kwa kila kilo ya maji, joto kati ya nyuzi 24 na 26. Maji hupanda hewani kila siku, chumvi hubaki. Kwa hiyo fundi huongeza maji baridi yaliyochujwa, kidogo kidogo, wala si ya chumvi. Mwanga nao ni chakula, kwa kuwa ndani ya nyama ya tumbawe huishi mwani mdogo mno unaotengeneza sukari kwa nuru na kumgawia mwenyeji wake. Tumbawe geni huwekwa chini kwanza, kisha husogezwa juu hatua kwa hatua ili lizoee nuru.

Kuhusu usafi wa maji, mwaka 1961 mfugaji Lee Chin Eng wa Jakarta alieleza njia yake ya kutia tangini mawe hai yaliyotoka mwambani na kuacha viputo vya hewa viyasukume maji. Bakteria waliomo katika mawe hayo walisafisha uchafu, na viumbe vikaishi. Wafugaji waliokuja baadaye wamejenga juu ya fikra hiyo.

Kuna jambo linalompima fundi kuliko vipimo vyote. Tumbawe la ngozi huweza kujikunja ghafla, polipu zikaingia ndani, na ngozi ikafunikwa na utando unaong'aa. Hukaa hivyo siku kadhaa, pengine wiki. Mgeni wa kazi hii hudhani linakufa, akaanza kulihamishahamisha na kulitilia dawa. Fundi hupima chumvi na joto, hutazama kama pana sehemu iliyolainika au kunuka uozo, kisha huongeza mkondo kidogo na kuliacha. Tumbawe linajivua: linautupa utando pamoja na mwani na taka zilizoshikamana nao, halafu hufunguka upya. Kutofautisha ugonjwa na kujivua, na kuuzuia mkono usiharakishe, ndiko kubobea katika kazi hii.

Upole wa kiumbe huyu usimhadae mtu. Humwaga majini kemikali zinazodumaza matumbawe magumu ya jirani. Kwa sababu hiyo fundi huyapa nafasi, huchuja maji kwa mkaa maalumu na kuyabadilisha sehemu kwa sehemu.

Siku ya kukata ndiyo siku mkono unapohitajika. Kwa wembe mkali hukatwa kipande cha ukingo wa kofia, kikafungwa juu ya jiwe kwa wavu laini, na baada ya wiki chache hujishika chenyewe. Jeraha la mama hufunga. Hivyo tumbawe moja huweza kujaza matangi ya watu wengi bila mwamba kuguswa tena.

Jamaa za matumbawe haya wako kwenye miamba yetu pia. Mvuvi anayetembea mwambani maji yakitoka wakati wa bamvua huwaona wamelala wakisubiri maji kujaa. Mwaka 1998 bahari ilipopata joto kupita kawaida, miamba ya Kenya na Mafia ilipoteza matumbawe mengi. Mfugaji aliyehangaika kuzuia nyuzi mbili tu zisizidi katika tangi lake haambiwi uzito wa habari hiyo. Anajua pia kwamba bahari haina kidude cha kupunguza joto, na kwamba kuilinda ni kazi ya watu wote, si ya fundi mmoja.