Ufa wa Meta 167: Doris Salcedo Alivyoichana Sakafu ya Tate Modern

Wasanii wengi wakitaka kusimulia uhamiaji hutuletea vitu: mashua, mafurushi, maboya. Doris Salcedo, mchongaji wa Bogotá, Kolombia, aliuacha ukumbi mtupu. Oktoba 2007, katika Ukumbi wa Turbine wa Tate Modern, London, alionyesha sakafu iliyopasuka.

Ufa ulianzia karibu na mlango, mwembamba kama unywele, ukazidi kupanuka hadi ukaweza kumeza mguu. Siku za mwanzo wapo waliojikwaa. Urefu wake ulikuwa meta 167, ilhali ukumbi wenyewe ni takriban meta 155. Hizo za ziada zilitokana na kupinda. Ungenyooka, ungeonekana mtaro wa mafundi wa mabomba. Huu ulikwenda kombo na kutoa matawi, kama udongo uliopasuliwa na kiangazi.

Salcedo alikataa kueleza ulivyotengenezwa. Alisema lililo muhimu ni maana. Namheshimu, ila katika kazi hii maana imo humo humo kwenye ufundi. Ukiinama, unaona kuta za zege zilizokwaruzika kama mwamba, na ndani yake umezamishwa wavu wa waya, ule ule wa kuzungushia kambi na mipaka. Hapa unachomoza, pale unapotea. Zege limeushika wavu, na wavu umelirarua zege. Ukiung'oa, ukuta nao unabomoka. Aliyepita wima hakuuona. Kwangu, huo ndio uamuzi unaoibeba kazi nzima: uzio haukusimikwa juu ya nyumba hii ili tuuruke, umo ndani ya msingi wake.

Jina la kazi hii, Shibboleth, limetoka katika Biblia, Waamuzi 12. Wagileadi walivishika vivuko vya Yordani, na kila aliyetaka kuvuka aliamriwa kutamka neno hilo. Waefraimu, maadui zao, walishindwa “sh”, wakasema “s”, wakauawa 42,000. Msomaji aliyewahi kuulizwa kwao ni wapi kwa sababu tu ya lafudhi yake anaielewa hadithi hii bila mfasiri.

Aprili 2008 maonyesho yalifungwa na ufa ukajazwa. Sakafu haikubadilishwa ili kuficha mahali ulipopita. Alama ya kiraka ilibaki, ikipinda vile vile, na waliokuja baadaye kutazama kazi za wasanii wengine waliikanyaga.