Barua Mfukoni mwa Marehemu: Maoni ya Shabiki wa Mchezo wa "Dear Evan Hansen"

Utangulizi

Wapo wanaodhani kwamba mhakiki hapaswi kuwa shabiki, kwa kuwa mapenzi hupofusha. Kwa maoni yangu, mapenzi hupofusha pale tu mpenzi anapokataa kuulizwa maswali. Makala haya yanahusu mchezo wa nyimbo ambao mimi ni shabiki wake, na yanakusudia kujibu swali ambalo wanafunzi wetu wa tamthilia huliuliza kila tunapoujadili: je, inafaa kumhurumia mhusika mkuu ambaye ni mwongo?

Mchezo unaitwa "Dear Evan Hansen", yaani Mpendwa Evan Hansen. Hadithi yake iliandikwa na Steven Levenson. Muziki na maneno ya nyimbo ni kazi ya Benj Pasek na Justin Paul. Mwongozaji ni Michael Greif. Ulianza kuoneshwa Washington mwaka 2015 na ukafika Broadway, New York, tarehe 4 Desemba 2016. Mwaka 2017 ulijipatia Tuzo sita za Tony, zikiwemo ile ya mchezo bora wa nyimbo na ile ya mwigizaji bora aliyopewa Ben Platt. Ulifunga pazia huko Broadway tarehe 18 Septemba 2022. Filamu yake ilitoka mwaka 2021. Sisi wa Kigali tumeufahamu kwa njia ya kitabu, rekodi ya nyimbo na filamu, na ninayoyasema hapa nimeyatoa humo.

Kisa chenyewe

Evan ni kijana wa miaka 17 aliye katika mwaka wake wa mwisho wa sekondari. Anaogopa watu kiasi kwamba hata kusalimia ni kazi. Baba alihama zamani na ana familia nyingine. Mama, Heidi, anafanya kazi hospitalini na usiku anasoma, hivyo mtoto anakula peke yake. Daktari wake amemshauri ajiandikie barua za kujipa moyo. Mkono wake umefungwa plasta baada ya kuanguka kutoka juu ya mti, na hakuna mwanafunzi anayetaka kuandika jina lake juu ya plasta hiyo, isipokuwa mmoja: Connor Murphy, kijana mwingine anayeogopwa na kuepukwa na wenzake.

Connor huyo anaichukua barua ya Evan na kuondoka nayo. Siku chache baadaye anajiua, na barua inakutwa mfukoni mwake. Kwa kuwa inaanza kwa maneno "Mpendwa Evan Hansen", wazazi wa Connor wanaamini kwamba mtoto wao alikuwa na rafiki na kwamba haya ndiyo maneno yake ya mwisho kwa rafiki huyo. Evan anajaribu kusema ukweli, anashindwa, kisha anaanza kutunga. Anatunga urafiki, anatunga safari ya kwenda kwenye shamba la matufaha, na kwa msaada wa mwenzake Jared anatunga barua pepe za tarehe za nyuma. Hotuba yake inasambaa mitandaoni, watu wanachanga fedha kufufua shamba lile, lengo likiwa dola 50,000, na Evan anapata alivyovikosa siku zote: meza yenye watu, baba wa kuzungumza naye, na mapenzi ya Zoe, dada wa marehemu.

Barua mbili

Msomaji wa tamthilia za Kiswahili hawezi kukifuatilia kisa hiki bila kuikumbuka "Orodha" ya Steve Reynolds, iliyochapwa mwaka 2006 na kusomwa sana katika sekondari za Tanzania. Humo msichana Furaha anafariki kwa UKIMWI na kuacha maandishi yanayotakiwa kusomwa mazikoni. Wanaume wenye heshima zao kijijini wanahangaika kuyazuia, wakidhani ni orodha ya majina yao. Kumbe orodha ile haina jina la mtu. Ni orodha ya mambo ambayo yangeweza kumwokoa.

Tuziweke barua hizi mbili sambamba. Katika "Orodha", jamii inaiogopa barua ya marehemu. Katika mchezo wa Evan, jamii inaitamani. Kule barua ni ya kweli na watu wanataka kuificha. Huku si ya marehemu kabisa na watu wanaitangaza dunia nzima. Hata hivyo kosa ni lile lile. Kila msomaji anaisoma barua kwa haja yake mwenyewe: mwenye hatia anasoma hatia yake, mwenye majonzi anasoma faraja yake. Kijana aliyekufa hasomwi na yeyote.

Hapa, kwa maoni yangu, ndipo ulipo moyo wa mchezo. Jamii inayomsoma kijana baada ya kufa ndiyo jamii ile ile iliyoshindwa kumsikiliza akiwa hai. Mama yake Connor anaukumbatia uongo wa Evan kwa sababu ukweli alionao ni mtupu mno: hamjui mwanawe. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema wahenga. Mchezo huu unatuonesha kwamba njia hiyo hurefuka sana pale ambapo wasikilizaji wenyewe wanaisafisha na kuipanua.

Nyimbo zisizo na kiitikio

Katika fani, jambo linalonivutia kuliko yote ni idadi ya waigizaji. Ni wanane tu. Michezo mingi ya Broadway huwa na kundi kubwa la waimbaji na wachezaji; huu hauna. Sauti za umma zimerekodiwa, na picha za kurasa za mitandao zinamwagwa juu ya pazia na kuta za jukwaa.

Sisi tuliokulia katika ngoma na kwaya tunaelewa uzito wa uamuzi huo. Kwetu wimbo una mwanzilishi na waitikiaji. Mtu akianzisha, wengine hupokea, na kupokewa huko ndiko kunakomwambia kwamba yumo katika kundi. Evan anaanzisha na hapokewi. Wimbo wake wa mapema, ule wa kupunga mkono nyuma ya dirisha, ni uzungumzi nafsia uliotiwa muziki. Anapopokewa hatimaye, mwishoni mwa sehemu ya kwanza, anapokewa na maelfu wasiomjua, kupitia vioo vya simu, kwa ajili ya jambo ambalo halikutokea. Hadhira hulia hapo kwa furaha, nami nimelia, lakini mchezo umetutega. Kiitikio tulichokingojea kimefika, nacho ni cha watu wasiokuwepo.

Mtego wa pili umo katika wimbo wa barua pepe za kutunga. Connor anarudi jukwaani akiwa mchangamfu, akiimba maneno ambayo Evan na Jared wanamwekea kinywani. Wimbo unachekesha, nasi tunacheka. Baadaye tunatambua tulichokicheka: marehemu amegeuzwa kuwa mdoli.

Je, mchezo unamsamehe mwongo?

Wahakiki wenye ukali wanasema kwamba Evan anafaidika na msiba wa watu kisha anaondoka bila adhabu. Hoja hii ina uzito na shabiki hana budi kuijibu. Ni kweli kwamba Evan anakiri mbele ya familia ya Murphy tu, na kwamba familia hiyo inaamua kunyamaza. Mwaka mmoja baadaye anakutana na Zoe shambani, wanazungumza kwa upole, na basi.

Filamu ya 2021 ilijaribu kuirekebisha kasoro hiyo kwa kumfanya Evan akiri hadharani na kumtafutia Connor wimbo wake mwenyewe. Nia ilikuwa njema. Hata hivyo naona kwamba jukwaa lilikuwa na ukweli zaidi. Kukiri mitandaoni ni kuirudia hadhira ile ile iliyompa Evan umaarufu. Kukiri mezani, mbele ya mama aliyekuwa akikupakulia chakula, ni kugumu zaidi. Adhabu ya Evan jukwaani ni kwamba anarudi kuwa yule yule wa mwanzo, lakini safari hii akijua alichokifanya.

Kasoro ninayoikubali ni nyingine. Connor wa kweli hatumjui hadi mwisho. Hatuambiwi alipenda nini wala alimwogopa nani. Mchezo unaolalamika kwamba kijana hakusikilizwa nao haukumpa nafasi ya kutosha ya kusema. Baadhi watasema huo ndio ujumbe. Mimi naona ni pengo.

Na sisi wa Kigali?

Wanafunzi wengine huuliza: mtoto huyu ana chakula, ana kitanda, ana kompyuta, analia nini? Swali hili lina mizizi katika historia yetu. Hapa Rwanda, tangu mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, jukwaa limebeba msiba wa taifa. Kundi la Mashirika la Hope Azeda lilifanya hivyo, na Tamasha la Ubumuntu limefanya hivyo tangu mwaka 2015 katika ukumbi wa wazi wa Kumbukumbu ya Gisozi. Mbele ya msiba wa namna hiyo, huzuni ya kijana mmoja huonekana kama deko.

Lakini hapo ndipo hatari ilipo. Kijana aliyezaliwa baada ya 1994 anaweza kuamini kwamba maumivu yake hayana haki ya kutajwa, kwa kuwa wazazi wake walipitia makubwa zaidi na wao wenyewe hawasemi. Methali ya Kinyarwanda inasema machozi ya mwanamume hutiririkia tumboni. Methali hiyo inasifu uvumilivu, ila haituelezi machozi hayo yakijaa tumbo yanakwenda wapi.

Lugha zetu zinalijua jambo hili vizuri. Kinyarwanda kina "irungu". Kiswahili kina "upweke", na pia kina "ukiwa", hali ya mtu aliyeachwa. Evan hana upungufu wa watu, shule imejaa. Alichonacho ni ukiwa katikati ya watu. Wala jambo hili si geni katika tamthilia ya Kiswahili: Ebrahim Hussein katika "Mashetani" (1971) alimweka jukwaani Kitaru, kijana msomi anayeugua ugonjwa usioonekana kwa macho.

Hitimisho

Kwa hiyo jibu langu kwa wanafunzi ni hili: tumhurumie Evan bila kuuhurumia uongo wake, na tumwulize kila mhusika mwingine alikuwa wapi kabla barua haijaonekana. Swali hilo la pili ndilo gumu, kwa sababu linaweza kuulizwa katika bweni lolote na katika darasa lolote, likiwemo langu.

Ningependekeza kwa walimu wenzangu kwamba muhula ujao darasa la tamthilia lisome "Orodha" sambamba na kisa hiki, kisha kila mwanafunzi aandike kwa Kiswahili barua moja ya kujiandikia. Barua hizo zisisahihishwe na zisisomwe na mwalimu bila ruhusa. Atakayetaka kuisoma yake mbele ya wenzake aisome, na wenzake wajifunze kuitikia. Na mwalimu atakayesikia humo jambo zito asilipeleke kwenye alama. Amtafute mwanafunzi huyo siku hiyo hiyo, akae naye, na amsindikize kwa mshauri wa wanafunzi.