Mafundi Wawili wa Cork

Bendi ya Microdisney ya Ireland ilipovunjika mwaka 1988, dunia haikushtuka. Mashabiki wachache walibaki na santuri zao, basi. Ikapita miaka 30. Kisha, Juni 2018, watu wale wale, sasa wenye umri wa kuitwa babu, wakapanda jukwaa la National Concert Hall jijini Dublin, ukumbi uliozoea okestra na nguo za heshima, wakapiga albamu waliyoirekodi ujanani, wakati mifuko yao ilikuwa mitupu. Albamu yenyewe ni The Clock Comes Down the Stairs, ya mwaka 1985. Ukumbi huo pamoja na IMRO, chama kinachosimamia hakimiliki za wanamuziki wa Ireland, walikuwa wameanzisha tuzo ya albamu zilizofungua njia, na hii ndiyo iliyokuwa ya kwanza kupewa.

Nimekuwa nikiisikiliza tena tangu hapo. Kila nikiimaliza najiuliza ni nani leo anayetunga namna hii, na sipati jina.

Msikilize kwanza mpiga gitaa, Sean O'Hagan. Gitaa lake haliringi. Halikimbilii mbele kudai makofi, wala halikai nyuma likinung'unika. Linajaza pale mwimbaji anapovuta pumzi, linanyamaza pale neno zito linapotaka kusikika peke yake. Na pale sikio linapodhani limeshaujua wimbo, linabadilisha njia: sauti inapanda mahali ulipotarajia itue, halafu inatua kwa upole hata husemi kitu kimebadilika, unajihisi tu umehamishwa. Huyu ni mtu aliyewasikiliza sana Beach Boys wa Marekani, akachukua kwao lile jambo gumu kuliko yote, yaani kuufanya utamu uwe na akili. Wengi waliowaiga Beach Boys walichukua jua na bahari tu.

Sasa mlete mwimbaji, Cathal Coughlan. Sauti nene, iliyoshiba, sauti ambayo ingemfaa msoma masomo kanisani Jumapili. Anaimba kwa utulivu juu ya muziki ule laini, na ukiwa unapika au unaendesha gari utadhani anabembeleza mtu. Simama usikilize maneno. Mtu huyu anachuna ngozi. Anasema juu ya aibu, ulevi, unafiki wa watu wenye mali, vyumba vya baridi wanamolala wahamiaji, na hajisamehe hata yeye mwenyewe. Wasomaji wa pwani hawahitaji kufundishwa jambo hili. Bibi wa taarabu humpaka mbaya wake kwa sauti ya asali, ukumbi mzima ukainuka kumtunza, na mwenye kupakwa naye akiwa humo humo anapiga makofi. Ndivyo alivyokuwa Coughlan, ila mbaya wake mara nyingi alikuwa taifa zima.

Chuki ile ilikuwa na kwao. Wawili hawa waliianzisha bendi mwaka 1980 mjini Cork, kusini mwa Ireland. Ulikuwa mji wa bandari na viwanda, na viwanda vyenyewe vilikuwa vinakata roho. Kiwanda cha matairi cha Dunlop kilifungwa mwaka 1983, cha magari cha Ford mwaka 1984. Vijana walikuwa na ukumbi wa dansi wa Arcadia, ambako bendi zenye hasira zilikutana, na Microdisney walikuwamo katika santuri iliyorekodiwa hapo jukwaani, Kaught at the Kampus. Lakini santuri hailipi kodi. Mwaka 1983 walifanya kama vijana wengi wa Ireland walivyofanya: wakavuka kwenda London. Huko wakapokewa na kampuni ndogo ya Rough Trade, na mtangazaji John Peel wa BBC akawaita studio kurekodi kwa ajili ya kipindi chake.

Mwaka 1984 walitoa mkusanyo wa nyimbo zao za mwanzo wakaupa jina ambalo hakuna meneja mwenye akili timamu angelikubali: We Hate You South African Bastards!, yaani tunawachukia nyinyi wanaharamu wa Afrika Kusini. Waliolengwa walikuwa makaburu. Mwaka ule ule, Dublin, wafanyakazi wa duka la Dunnes waligoma kwa sababu mwenzao aliadhibiwa kwa kukataa kuuza matunda ya Afrika Kusini. Sisi, ambao wakati huo tulikuwa na watoto wa ANC wakisoma Mazimbu, Morogoro, tungelifurahi kulisikia tusi lile, lakini halikutufikia. Miaka mingi baadaye mkusanyo huo ulitolewa upya kwa jina la Love Your Enemies, wapendeni adui zenu. Sijui kama kuna kejeli nzuri kuliko hiyo.

Baada ya albamu ile ya 1985, kampuni kubwa ya Virgin iliwachukua. Mtayarishaji akawa Lenny Kaye, mpiga gitaa wa mwimbaji Patti Smith, na albamu ikawa Crooked Mile, ya 1987. Wimbo wa Town to Town ulifika nafasi ya 55 katika chati ya Uingereza, ukaishia hapo. Ikafuata 39 Minutes mwaka 1988, na bendi ikafa. Wanahistoria wa muziki hupenda kutafuta ugomvi, nani alimwambia nani nini. Mimi naona bendi ilichoka tu, na nafasi ya 55 haimlishi mtu.

Kinachonisikitisha ni kilichotokea baada ya hapo, ingawa kwa macho ya wengi kilikuwa mafanikio. Walipoachana waligawana ufundi kama wenye mirathi. Coughlan akaondoka na uchungu. Akaunda Fatima Mansions, bendi iliyopewa jina la majengo ya mafukara jijini Dublin, na huko hakukuwa na asali tena, ni moto mtupu. Mwaka 1992 walipowatangulia U2 jukwaani Milan, alimtukana Papa mbele ya Waitaliano, na umati nusura umle mbichi. Mwaka ule ule akapata wimbo wake uliopanda juu kuliko yote, nafasi ya 7 Uingereza, nao haukuwa wake: aliuchukua wimbo wa mapenzi wa Bryan Adams akauchanachana, na upande wa pili wa santuri hiyo ilikuwa bendi ya Manic Street Preachers. Viva Dead Ponies ya 1990 ni albamu kali, naiheshimu. Lakini huwezi kuisikiliza ukiwa unapika.

O'Hagan naye akaondoka na utamu. Akaunda High Llamas, akapanga ala na vinanda kwa uangalifu wa sonara, akatoa Gideon Gaye mwaka 1994 na Hawaii mwaka 1996, akaisaidia bendi ya Stereolab. Hata Beach Boys wenyewe walimwita wakazungumza juu ya kufanya kazi pamoja, lakini mambo hayakufika popote. Muziki wake ni mzuri mno. Nikiusikiliza kwa muda mrefu namtamani yule mwenzake aingie mlangoni na kuvunja kikombe kimoja.

Ndiyo maana nasema ufundi haukuwa wa huyu wala wa yule. Ulikuwa kwenye kiungo, pale wimbo laini unapokubali kubeba neno katili bila kulilainisha, na neno katili linapokubali kukaa ndani ya mizani ya wimbo bila kuubomoa. Kazi hiyo hutaka watu wawili wanaovumiliana, chumba kimoja, na muda. Leo mtungaji anatuma faili kwa mwenzake ambaye huenda hawajawahi kupeana mkono. Huduma za muziki mtandaoni huhesabu kwamba wimbo umesikilizwa zikipita sekunde 30, kwa hiyo kila kitu husukumwa mbele, kiitikio kinakuja kabla hujaketi. Mwenye hasira hupiga kelele tangu mwanzo hadi mwisho. Mwenye mapenzi hudondosha machozi ya sukari. Msikilizaji hakabidhiwi kazi yoyote ya kufanya, na sikio lisilo na kazi hulala.

Tusizisingizie mashine tu. Santuri za Microdisney ziliwahi kuwa adimu kwa miaka mingi, mpaka zilipotolewa upya mwaka 2013, na hakuna kompyuta iliyozificha. Ni watu walioona hazina faida. Watu wale wale hupenda sana kutoa tuzo mtu akishaota mvi.

Baada ya Dublin walipiga pia Barbican, London. Februari 2019 wakarudi kwa maonyesho mawili ya kuaga, ukumbi wa Vicar Street jijini Dublin na Cyprus Avenue, Cork, nyumbani walikoanzia. Hawakutoa albamu mpya, na kwa hilo nawapongeza. Bendi nyingi zinazorudi huja na nyimbo kumi na mbili ambazo hakuna aliyeziomba. Hawa walikuja kuonyesha kazi iliyokwisha kufanywa, jinsi ilivyokazwa, jinsi ambavyo haikulegea kwa miaka 33, wakafunga na kwenda zao.

Coughlan alitoa albamu yake mwenyewe, Song of Co-Aklan, mwaka 2021, akiwa bado na ile sauti na bado hajamsamehe mtu. Alifariki Mei 2022, akiwa na umri wa miaka 61. O'Hagan bado anatunga. Microdisney hawatarudi mara ya tatu, kwa hiyo msomaji, itafute The Clock Comes Down the Stairs, uisikilize yote kwa mpangilio wake, na mara ya pili uwe na maneno yake mkononi.