Neno "Damu" katika Istilahi za Riadha

Mwanariadha wetu anaposhinda, husemwa kwamba mbio zi katika damu yake. Usemi huo huandamana na majina kama la Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 1974 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, na la Alphonce Simbu wa Singida, bingwa wa dunia wa marathoni mwaka 2025. Katika mazungumzo hatuna ugomvi nao. Ugomvi wetu unaanza unapoingia katika vitabu vya elimu ya viumbe.

Kasoro yake ni kubeba dhana mbili kwa pamoja. "Damu" ni nasaba. Tena ni majimaji yanayochukua oksijeni mwilini. Mtu akikaa nyanda za juu kwa majuma kadhaa, figo hutoa homoni inayochochea utengenezaji wa chembechembe nyekundu. Hapo damu yenyewe imebadilika, lakini hakuna kilichorithiwa: akirejea mabondeni, ongezeko hilo hupungua. Kwa upande wa nasaba, watafiti hawajapata jeni moja inayomfanya mtu awe bingwa wa mbio ndefu.

Kosa hili lina madhara. Mwalimu wa Mpanda anayechagua watoto wa UMITASHUMTA, akiamini kwamba mbio ni damu, ataona watoto wa Wapimbwe na Wakonongo hawakujaliwa, asiwafundishe. Ni kweli kwamba Mpanda, iliyo kiasi cha mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, iko chini kuliko nyanda za Karatu na Mbulu. Lakini hiyo ni tofauti ya mahali, wala si ya ukoo.

Kwa hiyo tunapendekeza "damu" ibaki kwa majimaji tu. "Jeni" na "urithi" zitumike kwa nasaba. Na "kuzoea mwinuko" kwa badiliko la mwili. "Pumzi", ambayo wengine huipenda, haitoshi kutaja kipimo cha uwezo wa mkimbiaji, kwa kuwa ina maana nyingi. Heri tuseme "kiwango cha juu cha matumizi ya oksijeni", ingawa ni refu. Kiwango hicho kwa sehemu hurithiwa, na kwa sehemu hukuzwa na mazoezi. Sehemu hiyo ya pili ndiyo kazi ya mwalimu, na istilahi zetu zisimfiche.