Gari Linaloshtuka Injini Ikizunguka Polepole

Gereji za Garsen, Kaunti ya Tana River, zinaijua Toyota Probox kuliko gari jingine lolote. Hubeba abiria wa Malindi na Hola, hubeba maembe ya delta ya Mto Tana, na usiku hubeba mgonjwa kumpeleka hospitali ya Ngao. Lalamiko moja hurudi kila mara: injini ikizunguka polepole gari linashtuka na kurukaruka, dereva akikanyaga mafuta, linatulia.

Wengi hukimbilia kununua. Leo plagi, kesho pampu ya petroli, keshokutwa nozeli. Maduka makubwa ya vipuri yako Malindi, zaidi ya kilomita 100, kwa hiyo kila kubahatisha kunakula siku nzima na nauli juu yake. Ninashikilia kwamba ile kasi inayoleta mshtuko ni ushahidi tosha wa kuanzia, na fundi akiusoma vizuri atalijua kosa kabla shilingi ya kununua kifaa haijatoka mfukoni.

Probox nyingi zina injini ya 1NZ-FE, lita 1.5, silinda 4. Injini ya silinda 4 huwaka mara 2 katika kila mzunguko. Ikizunguka mara 750 kwa dakika, inawaka mara 25 kwa sekunde. Ikifika 3,000, inawaka mara 100. Moto mmoja ukikosekana kati ya 25, flaiwili haina nguvu ya kulifunika pengo, na abiria analihisi mgongoni. Kati ya 100, pengo hilohilo linapita bila kuonekana.

Hewa nayo ina hesabu yake. Mguu ukiwa nje ya mafuta, throto imekaribia kufungwa na mvuto ndani ya manifoldi ni mkali. Mpira wa hewa ukiwa na ufa, injini inafyonza hewa ambayo sensa haikuipima, na mchanganyiko unakosa petroli. Throto ikifunguka, mvuto unalegea na hewa iliyopimwa inakuwa nyingi, hivyo ile ya ufa inabaki sehemu ndogo isiyosumbua.

Hatua ya kwanza ni kulipima gari likiwa limesimama, gia ikiwa huru. Likitetemeka hapo kwa kukosakosa, kosa ni la injini. Likitulia, kisha likashtuka tu wakati klachi inaachiwa au gia inapoingia, angalia klachi na maunti za injini kabla ya kugusa plagi.

Hatua ya pili ni kusoma kwenye mashine ya kupimia asilimia ya petroli ambayo kompyuta ya gari inaongeza au kupunguza. Injini yenye afya huwa ndani ya 10, juu au chini. Tuseme inasoma +22 bila kukanyagwa mafuta, halafu ikizungushwa 2,500 inashuka hadi +4: huo ni uvujaji wa hewa. Nambari ikipanda kadiri mzigo unavyoongezeka, shuku pampu dhaifu, filta ya petroli iliyoziba, au sensa ya hewa iliyoshikwa na vumbi. Kisomaji cha bei nafuu huenda kisizioneshe nambari hizi kwenye gari lililoundwa kwa soko la Japani. Hapo fundi abane mipira ya hewa mmoja mmoja kwa koleo lililozungushiwa kitambaa. Mngurumo ukibadilika ghafla, mpira huo au kifaa unachokilisha ndipo pa kuchunguza.

Hatua ya tatu ni moto. Mashine ikitoa msimbo wa kosa P0302, silinda ya 2 inakosa. Koili yake ihamishiwe silinda ya 3 na ya 3 ije ya 2. Kosa likigeuka kuwa P0303, koili ndiyo mbovu. Likibaki P0302, kagua plagi, kisha nozeli, kisha mgandamizo wa silinda hiyo. Jaribio hili halina gharama.

Mazingira ya Tana River yanaongeza mashaka mawili. Novemba 2023 mafuriko yaliifunika barabara ya Garsen kwenda Lamu pale Gamba, na dereva anayevuka maji ya aina hiyo anaweza kuyaingiza kwenye mashimo ya plagi. Hapo umeme wa koili huruka kwenda kwenye chuma badala ya kufika kwenye ncha ya plagi, hasa dereva anapokanyaga mafuta akiwa gia kubwa na mizunguko midogo, kwa sababu mgandamizo mkubwa unadai umeme mwingi zaidi. Shaka la pili ni petroli ya madumu. Toa kidogo kwenye chupa angavu, iache itulie: maji, yakiwamo, yatajitenga chini.

Kinachowazuia mafundi wengi kufuata mpangilio huu ni malipo. Tumezoea kulipia kufunga kifaa, hatulipii kupima, kwa hiyo fundi anayetumia saa mbili kutafuta kosa anaondoka na kidogo kuliko anayebadilisha vitu vitatu visivyo na kosa. Mmiliki alipie upimaji kama kazi kamili, kisha adai majibu: nambari ilikuwa ngapi bila kukanyaga, ilikuwa ngapi kwenye 2,500, na kosa lilihama au halikuhama koili zilipobadilishana nafasi? Fundi mwenye majibu hayo ndiye anayestahili kutuma mtu Malindi kununua kifaa.